Sakafu ya Mwezi Huu

Mgeni aliingia na nyundo ndogo mkononi, akaanza kugonga sakafu ya Raziki kigae kimoja kimoja, sikio ameliinamisha kama anayesikiliza moyo wa mgonjwa.

Siku hizo kuchimba mchanga na kokoto ilikuwa marufuku. Kila mwezi mtaa ulitoa sakafu moja, vigae vikasagwa kutengeneza zege ya ukuta wa kuzuia bahari. Wakaguzi, kama mgeni huyu, walianza na nyumba yenye kigae kilichopasuka. Nyumba ikishang'olewa sakafu, maji ya chumvi yalipanda kutoka ardhini.

"Yako nzima, dada," mgeni alisema. "Ya jirani je? Nasikia ina ufa."

Jirani wa Raziki, Tunu, alikuwa amejifungua juzi. Ufa ulikuwa chini ya mkeka aliolalia na kichanga chake, na Raziki alimwahidi kwamba hatausema.

"Wambea hawaishi!" alijaribu kucheka. "Jana nimempigia deki mwenyewe. Hakuna ufa."

"Mimi siwezi kuingia kwa mzazi kabla ya arobaini, kwa hiyo nitaandika neno lako. Lakini kama mtaa hauna ufa, nachukua sakafu hii niliyosimama juu yake. Unajua?"

"Najua, kaka."

Mgeni akachomeka patasi. Ng'ambo ya ukuta Tunu alikuwa akimbembeleza mwanawe. Kigae cha kwanza kiling'oka, udongo ukalowa, maji yakachomoza taratibu. Raziki alianza kupandisha godoro juu ya meza.