Bangili ya Mwalimu Skolastika

Siwema aliona taa ya bangili ya Mwalimu Skolastika ikigeuka kijani mara moja tu, bibi huyo alipocheka kwa kumwona Siwema, mhudumu wake, ameshika karatasi ya dawa kichwa chini.

Siku hizo wakala wa wahudumu wa nyumbani alilipwa kwa utulivu wa moyo wa mgonjwa uliopimwa na bangili, si kwa saa. Kijani kilikuwa utulivu, lakini taa ya bibi ilikuwa njano karibu daima, na wahudumu watatu walishaachishwa kazi. Kesho ingekuwa zamu ya Siwema kuachishwa.

“Unanikanda kama chapati!” bibi alifoka. “Miaka arobaini nimefundisha. Leo sina kazi hata moja.”

Bangili husikia, na ofisi ya wakala nayo husikia, na asiyejua kusoma haajiriwi. Siwema akamsogezea bibi karatasi ya dawa.

“Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nifundishe.”

Kijani kikawaka kabla bibi hajajibu.