Bi Mgeni Aingia Vitani

Tangu Tausi, mke wa mwanawe, amwambie kuwa pilau lake limezidi chumvi, Bi Mgeni alizungumza naye kupitia paka. "Paka, mwambie mwenzako chai tayari."

Siku moja mvua iliwafungia ndani. Tausi akawasha kompyuta, akavuta kiti cha pili. "Mama, njoo tucheze mchezo huu wa vita. Kitufe hiki cha kutembea, hiki cha kupiga."

Askari wa Bi Mgeni alianza kwa kugonga ukuta. Adui alipotokea, Bi Mgeni akamsalimu, "Habari za huko?" Akapigwa risasi.

"Hana adabu!" Bi Mgeni alifoka. Mchezo ukamfufua.

Mara askari wa Tausi akaanguka darajani. "Niache, Mama! Kimbia!"

"Nikuache? Mume wako nitamwambia nini?" Bi Mgeni akamkinga, akabonyeza vitufe vyote kwa viganja viwili. Maadui wakaanguka, pamoja na mbuzi aliyekuwa akipita zake.

Tausi alicheka mpaka akalia. Mvua ilishakatika, lakini hakuna aliyeinuka kitini.

"Haya, mwanangu, simama," alisema Bi Mgeni, macho kwa askari wa Tausi kwenye kioo cha kompyuta. "Ng'ambo kule kuna nini?"

Askari wawili wakaanza kuvuka daraja, mmoja akitembea kinyumenyume.