Kibali Ndani ya Debe la Unga

Alikichomoa kibali kwenye koti la binti yake, akakizamisha ndani ya debe la unga, akashindilia kwa ngumi. Binti alikuwa uani ananawa uso.

"Mama, karatasi yangu hujaiona?"

"Ya mpakani? Niione wapi, mwanangu? Mimi nimekuwa ofisa?"

Binti akapekua nyumba nzima. Akainua magodoro, akakung'uta viatu. Miezi minane amefuma mablanketi ya kuuza ng'ambo ya mpaka, kwa ajili ya siku hii: njia ya mlimani kufunguliwa, miaka kumi na miwili tangu vita viifunge. Nje, jirani yao muuza sufuria alikuwa keshajitwika.

"Wee mtoto wa mama, twende! Langoni wanaita jina kwa jina. Huna karatasi, hupiti."

"Nenda tu, dada. Sina."

Mama akageukia jiko asionekane uso. Eti mwana akililia wembe, mpe. Waliosema hivyo hawakuzaa. Mlima ule una maporomoko, una ukungu, na watu wa upande wa pili wana bunduki zile zile za juzi. Mtoto mwenyewe mmoja tu, kama jicho la mwenye chongo. Heri anune akiwa hai.

Mchana kutwa binti hakula. Jioni ndipo akafungua kinywa.

"Mama, zamani, kabla ya hilo lango, baba alikuwa anapitia wapi?"

Mama akafurahi kama aliyesamehewa. Akasimulia yote: njia ya mbuzi nyuma ya machimbo ya mawe, kijito cha kuvuka mara mbili, mwamba uliopasuka. Binti akauliza, akauliza tena, hata akacheka. Mama akajua yamekwisha.

Asubuhi binti akafunga mablanketi yake. "Nampelekea shangazi, akaniuzie sokoni."

"Nenda, mwanangu. Riziki haiko mlimani peke yake."

Saa sita muuza sufuria akarudi, mgongoni furushi la vitambaa. "Tumekwenda wote, tumerudi wote! Hata wa kujikwaa hakuna! Na chai wametupa, wale wale tulioambiwa wanakula watu!"

Mama akaona haya. Jirani alipoondoka, akazamisha mkono kwenye debe, akatoa kibali, akakipuliza unga. Leo hii atampa. Atamwambia kilikuwa kimedondokea nyuma ya kabati. Alikuwa bado anayapanga maneno, hodi ikapigwa.

Askari wa langoni, kofia mkononi. Begani ana blanketi moja, limeungua ukingoni.

"Mama," alisema, "mabomu ya ardhini tumeyategua barabara kuu tu. Nani alimwonyesha ile njia ya mbuzi?"