Muziki Haukimbii Tena

"Muziki umekufa tena," Kasimiri alisema, akikibwaga kile kimchezo cha betri mezani. "Unalia kama wa matangani."

Mabruki, fundi redio wa mtaa wa Isevya, alishusha pumzi. Hii ilikuwa mara ya nne mwezi ule. Alishakifungua, akakisafisha kwa spiriti, akakihangaikia hata vibetri vipya, mwaka ule wa themanini na nne ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Hakuona ubovu wowote.

Kasimiri aliletewa kimchezo hicho na shemeji yake baharia. Kwenye kioo mayai yalidondoka kulia na kushoto, nawe ukayadaka kwa kikapu. Muziki ulianza taratibu, wa huzuni. Ukifikisha mayai mia, uligeuka ukawa wa mbio, wa furaha, kama ngoma ya harusi.

"Huo wa harusi ndio nautaka. Nilikuwa nausikia kila siku. Sasa mwezi wa pili huu, matanga tu!"

"Hebu ngoja."

Mabruki alicheza mwenyewe. Vidole vyake, vilivyowahi kupiga gitaa katika bendi, havikukosea. Lilipodakwa yai la mia, muziki ukachanganya.

"Umesikia? Kizima hiki."

Kasimiri alikipokonya, akacheza. Mayai matatu ya kushoto yakapasuka, mchezo ukaisha.

"Unaona? Kimekataa!"

"Kaka, mbona ya kushoto huyadaki?"

"Yapi?"

Mabruki alimtazama. Akainua bisibisi polepole, akaisogeza upande wa kushoto wa uso wa Kasimiri. Kasimiri hakupepesa.

"Kaka Kasimiri, nenda hospitali ukapimwe macho."

"Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa daktari!" Akakivuta kimchezo kifuani. "Wakinipima wakaandika, wanangu sita watakula nini? Umeshindwa kazi, sema umeshindwa!"

Akakitia kimchezo mfukoni, akatoka, bega la kushoto likigonga fremu ya mlango.

Alasiri, Mabruki alimsindikiza mkewe Swaumu stesheni. Swaumu alikuwa anakwenda Usoke kumwuguza mama yake, mtoto wao Maua mgongoni. Mabruki alimpakilia mizigo behewani, akamtafutia kiti cha dirishani, bado ananung'unika.

"Mwezi mzima nahangaika na kitu kizima! Mtu na akili zake anakisingizia kimashine!"

"Msamehe," Swaumu alisema akicheka. "Kila mtu na lake."

Kengele ikapigwa. Mabruki akashuka, akatembea hatua chache, akatazama mbele. Ghafla akarudi mbio, akapanda behewani, akaanza kutupa mizigo nje kwa dirishani.

"Baba Maua! Una wazimu?"

"Shuka! Shuka na mtoto!"

Kule mbele Kasimiri, kofia ya kazi kichwani, alikuwa amekwisha panda kichwa cha treni, amekaa kiti cha dereva.