Sukari ya Sikudhani

Wakubwa wametukataza kutenda kwa mikono yetu. Siku hizi wewe unaagiza tu. Mtendaji, mashine yao ya ukutani, ndiye anayetenda, hatua kwa hatua, wala haendi hatua inayofuata kabla ya kupata jibu. Agizo langu la kila asubuhi ni lilelile: chemsha maji, muulize Sikudhani sukari kiasi gani, kisha mimina chai.

Sikudhani, mke wangu, tumeshamzika.

“Baba we, si uifute hatua hiyo?” binti yangu Tunu alinisihi. “Utakufa kwa kiu na maji yanatokota hapo!”

“Wakubwa walimkosesha dawa, leo nimfute mimi?”

Mtendaji akaita kwa upole, “Sikudhani, sukari kiasi gani?” Akangoja jibu. Maji yakazidi kukauka, nami nimetulia kitini, nangoja naye.