Kijiko Juu ya Uji

Wewe umewahi kumwona mwanamume akiogopa kijiko? Mbwana, miezi minane baada ya kupandikizwa figo ya dada yake, alikaa mezani na kijiko cha unga wa mizizi juu ya bakuli la uji. Muuzaji alimwapia kwamba unarudisha nguvu za kiume. Daktari naye alishamwonya: dawa za sokoni zinaua figo.

Mkewe akatokea mlangoni. “Baba Nasra, nini hicho?”

“Sukari.”

“Sukari inanuka kuni mbichi? Au uji wangu nao umekuchosha, kama nilivyokuchosha mimi?”

Unga kidogo ukadondoka ukingoni mwa bakuli.

“Nakutaka, mke wangu,” akasema, kijiko kingali hewani. “Mwili ndio haunisikii. Nisindikize kwa daktari.”