Samaki Mgonjwa wa Tangi la Chanjo

Uvumi ulizagaa kijijini Boito, na Chepkirui hakuweza kuutoa kichwani: watafiti wanaotafuta chanjo ya samaki walikuwa wakimweka samaki mmoja mgonjwa makusudi katika tangi lao, ili vijidudu wanavyovichunguza visife.

Asubuhi aliinama kwenye kidimbwi chake, chini ya shamba la majani chai. Samaki wake, aliotegemea kuwauza apate karo ya bintiye, walikuwa wakijisugua kwenye mawe, wamejaa vidoa vyeupe kama waliomwagiwa chumvi.

"Mama, usinichape," binti akasema nyuma yake. "Yule wa tangi nilimwonea huruma. Nikamleta kwetu apone."

Samaki mmoja kidimbwini akageuka, tumbo juu.

Mzazi, mwonye mtoto wako. Asiguse samaki wa tangi lile. Asimwage maji yake mtoni. Asiazime wavu wa watafiti. Na huruma yake aiache getini kwao.